Shali Yenye Jina Langu

Tangu nirudi, watu wanaingia dukani kwangu kuuliza zaidi kuliko kununua. Swali la kwanza ni kama kweli kuna mnyama Uingereza anayeitwa Sekela. La pili ni kama nililia mbele ya watu. Mama Anyosisye, jirani yangu wa duka la vyombo, aliuliza yote mawili akiwa bado mlangoni, hata salamu hatujamaliza. Kwa hiyo nimeona niandike safari yote mara moja, mkae msome, nami niendelee na kazi.

Wanaonijua wananijua, ila maandishi haya huenda yakamfikia mgeni. Mimi ni Sekela wa Tukuyu, mwenye duka la nguo za baridi hapa Mbeya mjini. Nilikaa London miaka mingi. Mchana niliogesha wazee wa watu, jioni nilisoma, hadi nikapata Stashahada ya Masoko, ile iliyotundikwa ukutani nyuma ya kaunta. Sikulipiwa na mjomba wala mchungaji. Na kazi iliyonipa heshima kule ni kuuza sufu ya alpaka.

Alpaka ni mnyama wa kufugwa. Mchukue ngamia mdogo, mwondolee nundu, mvishe manyoya ya kondoo, kisha mpe macho ya bibi harusi. Hachinjwi. Hunyolewa mara moja kwa mwaka, joto linapoanza, halafu anarudi kwenye nyasi zake. Mama Margaret, mjane wa huko Kent, mashambani kusini mashariki mwa London, anao wachache. Sufu yao husokotwa na kufumwa na wanawake wa kijijini kwake, kila mtu mezani kwake, na kila mtu analipwa haki yake. Mama Margaret haitii sufu rangi yoyote. Shali inabaki na rangi ya mnyama mwenyewe.

Nilimkuta akiuza sokoni, anazungumza na wateja kama mtu anayeomba radhi. Mimi ndiye niliyemwambia kila shali iwe na kikaratasi chenye jina la mnyama aliyetoa sufu ile. Harold. Dorothy. Winnie. Watu wa London wakazipenda, wakawa wanarudi kuuliza habari za Harold kama ndugu yao. Wazo lilikuwa langu, nalisema bila haya. Mwaka wangu wa mwisho Uingereza nilihamia kabisa kwake shambani, nikawa nafunga mizigo na yeye ananipikia viazi.

Mwaka huu akanipigia simu. Duka lililokuwa likichukua mali yake limefungwa. Asipopata mnunuzi kabla ya baridi, hatakuwa na namna ya kununua nyasi kavu, na itabidi auze wanyama. Wale vijana watapata wa kuwachukua. Wazee, ambao sufu yao imekuwa haba, hakuna atakayewataka, na kila mfugaji anajua mnyama asiyetakiwa na mtu anaishia wapi.

"Njoo, Sekela," alisema. "Hakuna anayeweza kuwasemea kama wewe."

Nikaenda. Habari za viza na benki naziruka, hazina ladha.

Songwe, ndani ya ukungu

Safari ndefu ilianza kwa kukaa. Uwanja wa Songwe ulikuwa umefunikwa na ukungu mzito kiasi kwamba ndege tuliisikia ikizunguka juu, ikachoka, ikarudi Dar es Salaam. Tukaambiwa tusubiri.

Nilikuwa nimevaa shali yangu ya alpaka, ya Dorothy, ya kijivu. Pembeni yangu alikaa mama mchungaji aliyekuwa akienda Dodoma kwenye kikao. Akaishika pindo bila kuniomba.

"Hii ni sufu ya nini, mwenzangu?"

Aliuliza mwenyewe. Nikamweleza mnyama, nikamweleza kunyoa, kusokota, kufuma, kwa nini haiwashi shingoni, kwa nini haipakwi dawa. Tulikula karanga zangu za kuchemsha zikaisha, tukahamia kwenye ndizi zake za kuchoma, mimi bado naeleza.

"Dada," alisema mwishowe, "nimeokoka muda mrefu, lakini leo ndiyo nimehubiriwa."

Ukungu ulipoondoka nilikuwa nimempa namba ya duka. Amekwisha kuja, alichukua mbili za kondoo. Masoko ndiyo hayo.

Kutoka Heathrow kwenda Ilford

Ndege nayo ilituchelewesha njiani, tukalala kwenye viti vya uwanja wa watu, tukala mkate mkavu na mayai yasiyo na chumvi. Hayo tuyaache. Nataka mnione nikishuka Heathrow, nimevaa koti zuri, navuta sanduku lenye majani ya chai ya Rungwe, natembea kama mwenyeji. Wenzangu wa ndege walikuwa wakisoma mabango. Mimi sikusoma bango.

Kuna treni siku hizi wanaiita ya Elizabeth, inavuka mji mzima. Nilipoondoka ilikuwa bado inachimbwa. Nikapanda, nikakaa dirishani, nikasinzia kidogo kwa raha. Nilipofumbua macho, kijana mmoja wa kike mwenye sare za hospitali alikuwa ananitazama. Nadhani alinisikia nikijisemea Kiswahili usingizini.

"Shikamoo, mama. Unaelekea wapi?" Kwa matamshi nikajua Mkenya.

"Marahaba. Naenda Ilford."

"Hii haifiki Ilford. Iligawanyika njia mbili huko Whitechapel, na wewe uko kwenye ile ingine."

"Mwanangu, mimi nimeishi London wewe ukiwa shule ya msingi."

"Sawa, mama," alisema kwa upole sana. "Lakini Ilford iko kule."

Akashuka nami, akanivusha upande wa pili, akaninyanyulia sanduku, akangoja hadi treni ya kurudi ikafika. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu. Nilimpa pakiti ya chai. Akainusa pale pale kwenye jukwaa, akainusa tena.

Ilford, jikoni kwa Rehema

Rehema ni mtoto wa mama yangu mdogo, ni muuguzi, na nyumba yake ya Ilford ndiyo kituo cha kila Mnyakyusa aliyepotea. Kesho yake Mama Margaret alikuja hapo kutoka Kent, tupumzike pamoja halafu asubuhi twende Harrow kwa mnunuzi niliyemtafuta. Amezeeka. Magoti yamegoma, anashuka ngazi kwa upande kama kaa. Alinikumbatia mlangoni, hakuniachia haraka, na nywele zake zilikuwa bado zinanuka nyasi.

Rehema alipika ugali, mchicha wa nazi na samaki. Margaret alikula kwa mkono kama nilivyomfundisha zamani, akaomba aongezwe. Chai ya Rungwe akainywa bila maziwa, jambo ambalo kwa mtu wa kwao ni heshima kubwa.

Kisha akafungua sanduku lake.

Nimeuza shali nyingi maishani, lakini zile zilikuwa nzuri kuliko zote. Chini kabisa, kwenye karatasi laini, kulikuwa na moja nyeusi kama kahawa, laini hadi vidole havikuwa na uhakika kama vimegusa kitu. Nikageuza kikaratasi nisome jina la mnyama. Kimeandikwa, kwa mwandiko wake wa kutetemeka: Sekela.

"Nilitaka uione mwenyewe," alisema, akitabasamu.

Nikasema ni nzuri. Nikaikunja. Nikamwambia aende chumbani akapumzishe magoti.

Lazima niwaeleze wasiotoka kwetu. Kwetu Tukuyu, jirani aliyegombana na baba yangu kuhusu mpaka wa migomba hakuja kupigana. Alinunua mbwa, akampa jina la baba. Kila jioni akawa anamwita kwa sauti kubwa, anamfukuza jikoni, anamtukana kwa wizi wa mifupa. Baba alikuwa anakaa sebuleni anasikia. Mnyama kwetu anapewa jina la mtu pale mtu huyo anapochukiwa. Na mimi, mweusi, niliyewahi kuitwa mambo mengi na wazee niliowaogesha, sasa nilikuwa nimepewa mnyama mweusi.

Rehema alikuwa anaosha vyombo.

"Mbona umenuna?"

Nikamwonyesha. Alisoma, akashika sinki, akacheka hadi povu likamrukia usoni.

"Ee, dada. Umenyolewa."

"Usinicheke."

"Nisikuchekeje? Stashahada yote ile, mwisho wake umepandishwa cheo kuwa ngamia."

"Rehema, nimevuka bahari kwa ajili ya huyu mama."

Hapo akaacha kucheka, akajifuta mikono. "Sasa kamuulize."

"Nimuulize nini? Kwamba kwa nini ameniweka zizini?"

"Hivyo hivyo."

"Siwezi kumuuliza mtu kwa nini amenitukana. Nitamaliza kazi niliyoahidi, kisha nirudi kwetu."

"Haya," alisema. "Lakini ukinuna mbele ya mnunuzi, wale wanyama wazee ndio watakaolipa."

Nilichukua mkasi wake wa jikoni, nikakata uzi, nikatia kikaratasi mfukoni mwa koti. Shali nikairudisha chini kabisa ya sanduku, haina jina.

Harrow, mbele ya Bi Hansa

Asubuhi tulipanda treni hadi Liverpool Street, tukabadili, tukachukua njia ya Metropolitan. Margaret alijaribu kuzungumza. Nilimjibu kwa adabu, na Mwingereza anajua adabu inapokuwa ukuta. Akageukia dirisha, mikono juu ya sanduku.

Duka lile linauza sari, sweta na vitambaa, na mwenye jina kwenye bango ni Bwana Kirit. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia yeye. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akasema, "Mimi nasaini tu. Anayeamua ni mama."

Mama yake, Bi Hansa, alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, mdogo kama mtoto, miwani imening'inia kifuani. Nilianza kwa Kiingereza changu cha biashara. Akainua mkono.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Tanzania, mama. Mbeya."

"Basi sema Kiswahili. Mimi nimezaliwa Mwanza. Hiki kingine kinanichosha masikio."

Nikamwamkia upya, vizuri, kwa magoti, nikamtajia jina langu. Na kuanzia hapo mambo yakawa hivi: yeye anauliza kwa Kiswahili, mimi namtafsiria Margaret, Margaret anajibu, mimi narudisha.

Bi Hansa alipitisha shali moja moja shavuni.

"Mnyama wake anakufa?"

"Hafi, mama. Ananyolewa tu, kisha anaachwa ale."

"Akizeeka je? Sufu ikiisha?"

Hapo stashahada iliniambia nipite haraka, maana mnunuzi hapendi kusikia kuhusu hasara. Lakini yule bibi alikuwa ananitazama mdomoni. Nikamuuliza Margaret.

"Anasema anabaki," nikarudisha.

"Anabaki anafanya nini?"

"Anazeeka."

Bi Hansa alishusha shali. "Biashara haiendeshwi hivyo."

"Ndiyo maana tuko mbele yako, mama."

Bwana Kirit alicheka peke yake kule kwenye mashine ya kuhesabia. Mama yake hakucheka, ila alisogeza kiti karibu. Nyumbani kwake hawali nyama tangu mababu, baadaye ndipo aliponiambia. Akavaa miwani, akashika kikaratasi.

"Huyu Harold ni nani?"

"Alpaka dume, mama, wa kahawia, mpole sana, anapenda..."

"Sijauliza rangi. Harold ni jina la mtu. Alikuwa nani?"

Vikaratasi vile niliviandika kwa mkono wangu miaka yote ile. Nikamgeukia Margaret.

"Mume wangu," alisema Margaret. "Alpaka wa kwanza wa jina hilo alizaliwa mwaka mume wangu aliofariki."

"Na Dorothy?"

"Mama yangu."

"Winnie?"

"Mdogo wangu. Alikufa kwa homa tukiwa watoto. Alikuwa na masikio makubwa hivyo hivyo."

Nilitafsiri moja moja, na kila jina lilinitoka zito kuliko lililotangulia. Nilikuwa nimeuza ukoo mzima wa Margaret, nikausifia, nikaufunga kwa utepe, pasipo kujua kuwa ni ukoo.

Bi Hansa alikuwa amefika chini ya sanduku. Akaitoa ile nyeusi, akaiweka shavuni, akaiacha hapo.

"Hii haina jina?"

Margaret alishtuka, akaanza kupekua karatasi. "Kilikuwepo," alisema. "Nilikishona mwenyewe. Huyu ni Sekela."

Bi Hansa hakuhitaji tafsiri. Alinitazama juu ya miwani. "Sekela si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Muulize kwa nini."

"Mama, tunaweza kuendelea na bei..."

"Muulize."

Nikamuuliza. Kwa Kiingereza, nikiangalia meza. Margaret alifikiri kidogo, kwa sababu si mtu wa maneno, kisha akaongea taratibu ili niweze kutafsiri, sentensi moja, ananisubiri, sentensi nyingine.

"Anasema huyu alizaliwa wiki ile ile nilipopanda ndege kurudi nyumbani. Anasema mama yake alimkataa, akawa anamnywesha maziwa ya chupa jikoni, kwenye kile kiti... kwenye kiti nilichokuwa nakaa mimi. Anasema nyumba ilikuwa kimya. Anasema kila asubuhi alikuwa amezoea kusimama chini ya ngazi na kuita jina ili mtu ashuke kunywa chai. Akaona asiliache. Akampa yeye, ili aendelee kuliita."

"Jina gani?" aliuliza Bi Hansa, ingawa alijua.

"Langu, mama."

Jibu la swali lenu la pili ndilo hili: ndiyo. Nililia, tena saa za kazi, dukani kwa watu, wateja wawili wakipimiwa kitambaa cha pazia. Bwana Kirit aliniletea leso ya karatasi, akarudi akaleta boksi zima. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa changu, kikatoka kile kikaratasi, kimekunjamana. Nikakiweka mezani, juu ya shali nyeusi. Margaret alikitazama, kisha akanitazama.

"Mimi nina wajukuu tisa," alisema Bi Hansa. "Wana majina ya kwenye televisheni. Hansa hakuna. Wewe una mnyama mzima, bado unalia."

Akakunja miwani. Akasema atachukua zote za sandukuni, na zote zitakazofumwa msimu huu. Ya mwaka ujao ataangalia mwaka ujao. Lakini kila kikaratasi kiongezwe mstari mmoja, mtu yule alikuwa nani, ili mteja akimuuliza asimdanganye.

"Na huyu," alisema, akigonga jina langu kwa kidole, "andika kwamba yuko hai."

Kurudi na Metropolitan

Sanduku lilikuwa tupu, na lilipokuwa likigongwa na miguu ya watu lilisikika kama ngoma. Nilimweleza Margaret habari za mbwa wa jirani, baba sebuleni, yote. Alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Kumbe umekaa na hilo tangu jana."

"Nimekaa nalo."

"Nitambadilisha jina kesho asubuhi. Atazoea."

"Usithubutu," nikamwambia.

Treni ikapita vituo kadhaa.

"Anaitika?" nikauliza.

"Akipenda."

"Mkaidi?"

"Sana. Na anatembea mbele ya wenzake kama shamba ni lake."

Nikamwambia basi hakuna haja ya kubadili kitu.

Kent, getini

Kabla ya kupanda ndege nilikwenda naye shambani. Nyasi kavu zilikuwa zimekwisha kufika, zimepangwa bandani chini ya turubai, na wale wazee walikuwa wamelala mahali penye jua, wakitafuna bila haraka, wanyama ambao baridi hii hakuna atakayewaondoa. Harold wa sasa, mjukuu wa yule wa kwanza, alininusa mkono akaniacha. Chumba changu juu ya ngazi kilikuwa kama nilivyokiacha. Kiti cha jikoni kina alama za meno ya yule mtoto wa chupa kwenye mguu mmoja.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka nje mapema kuosha viatu. Nilikuwa nimeinama bombani, nyumba nimeipa mgongo. Margaret alitoka na ndoo, akajikongoja kwa upande hadi getini, akaegemea, akaita jina letu.

"Sekela."

"Abee," nikaitika, kama ninavyomwitikia mama yangu, kabla sijafikiri.

Kule mbali kwenye nyasi shingo nyeusi ikainuka. Akanitazama, nikamtazama. Kisha tukaenda getini wote wawili.